Jeraha Lile Lile, Mguu Ule Ule

Fikiria mzunguko huu wa Malindi. Unaanzia ufuoni karibu na jeti, unafuata mchanga kuelekea kaskazini hadi karibu na mdomo wa mto Sabaki, unakwea hadi barabara ya Lamu, kisha unarudi mjini kwa lami. Ni mzunguko wa kupendeza. Lakini pia unaweza kumrudishia mkimbiaji wa ridhaa maumivu yale yale kila baada ya miezi michache, hata akipumzika, akikandwa na kununua viatu vipya.

Wakati wa kwenda, bahari iko kulia. Ufuo unateremka kuelekea majini, kwa hiyo mguu wa kulia unakanyaga chini kidogo kuliko wa kushoto. Wakati wa kurudi, mtu mwangalifu hukimbia akitazamana na magari, na kwa kuwa Kenya magari hupita kushoto, yeye hukaa ukingo wa kulia. Lami nayo huinuliwa katikati ili maji ya mvua yamwagike pembeni, hivyo mguu wa kulia uko chini tena. Kwa hatua 170 kwa dakika, mbio za saa moja ni hatua 10,200, na karibu zote zimeegemea upande mmoja. Kifundo cha kushoto kinalazwa kwa ndani na kuisumbua kano ya kisigino. Kulia, ukanda wa nje wa paja unavutwa pale unapopita gotini.

Hapa tiba ya kwanza haigharimu shilingi: geuza mzunguko. Ukienda kaskazini kwa lami, mguu wa kulia utakuwa chini. Ukirudi kusini kwa ufuo, bahari itakuwa kushoto na mguu wa kushoto utachukua zamu yake. Umbali haubadiliki, ila mzigo umegawanywa.

Jambo la pili ni saa ya maji. Siku za bamvua, katika pwani hii, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Anayetoka saa kumi na mbili kukwepa jua anaikuta bahari bado iko juu. Mchanga mgumu uliotandazika umefunikwa, na kilichobaki ni ukanda wa juu, wenye mteremko na mchanga tifutifu. Utafiti wa Lejeune na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba kukimbia mchangani hula nguvu mara 1.6 ya kukimbia pagumu. Mkimbiaji anayeng'ang'ania kasi yake ya barabarani anaugeuza mwendo mwepesi kuwa zoezi kali, na gharama inalipwa na shavu la mguu. Siku za maji mafu, saa hiyo hiyo, mchanga mgumu unapatikana. Kwa hiyo anayefahamu mguu wake una historia aweke mbio za ufuoni kwenye maji mafu, na za bamvua azipeleke uwanjani au barabarani. Wa Kilifi wana mtihani wao: kila kupanda kutoka ukingo wa mkono wa bahari pale Mnarani ni kazi ya ziada kwa shavu na kisigino, na kunahesabiwa kama zoezi kali hata mwendo ukiwa wa pole.

Kurekebisha njia huzuia jeraha jipya, lakini hakuimarishi kano iliyokwisha kudhoofika. Mapumziko nayo huondoa maumivu bila kuiongezea kano uwezo wa kubeba, ndiyo maana wiki tatu za kukaa nyumbani huishia pale zilipoanzia. Mwaka 1998 daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wa ridhaa waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino. Zoezi lilikuwa moja: kusimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole chini ya usawa wake, seti 3 za mara 15, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Mwili ulipolizoea, mzigo uliongezwa mgongoni. Baada ya wiki hizo wote 15 walirudi kwenye kiwango chao cha kukimbia. Kuna tahadhari moja: ikiwa maumivu yako pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishushe chini ya usawa wa ngazi, fanyia sakafuni.

Je, mtu aache kabisa kukimbia katika wiki hizo? Mwaka 2007 Karin Grävare Silbernagel na wenzake walionyesha kwamba si lazima. Wagonjwa wao waliendelea kukimbia na kuruka kwa masharti: maumivu yasipite 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na ukakamavu usizidi wiki hadi wiki. Kipimo hiki kinahitaji ukweli, kwa hiyo anayemeza diklofenaki kabla ya kutoka amejinyima habari anayoihitaji zaidi. Tena katika joto la Machi, mwili ukiwa umekauka maji, dawa za aina hiyo huweza kudhuru figo.

Kanuni hiyo ni ya kano. Maumivu ya muundi yaliyo mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, yanayouma hata usiku, ni dalili ya mfupa kuanza kupasuka. Hapo mbio husimama na hospitali hufuata, na eksirei ya siku za mwanzo ikiwa safi isikudanganye.

Anayeona wiki 12 ni nyingi amtazame mkimbiaji wa Ethiopia, Kenenisa Bekele. Machi 24, 2007, joto la Mombasa lilimtoa katika mbio za nyika za dunia kwenye mzunguko wa mwisho. Lakini kilichomnyang'anya misimu mizima ni jeraha la shavu la mguu lililoanza mwaka 2010. Agosti 2011 aliachia njiani fainali ya mita 10,000 kule Daegu. Mwaka 2017 hakumaliza marathoni za Dubai wala Berlin. Mwaka 2019, huko huko Berlin, alikimbia 2:01:41, sekunde mbili nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Huyo alikuwa na madaktari na muda wote wa siku. Mwalimu wa Kilifi anayekimbia kabla ya kengele hana sababu ya kujiwekea tarehe fupi kuliko ya Bekele.

Basi hesabu ianzie kwenye kalenda ya mashindano. Marathoni ya Nairobi hufanyika Oktoba. Anayeanza zoezi la ngazi mwanzoni mwa Julai, kusi likiwa limepoza hewa, anamaliza wiki 12 mwishoni mwa Septemba. Wiki chache zinazobaki hazitoshi kujenga kilomita 42, ila zinamtosha aliyeendelea kukimbia kwa kipimo kushindana katika kilomita 10. Ajiandikishe kwa hizo, na kilomita 42 aziache hadi Oktoba ya mwaka unaofuata.