Mawe ya Lisbon, Dhahabu ya Kilwa

Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wanafunzi wa tafsiri, tuliyoyaona tulipozuru Monasteri ya Jerónimos huko Belém, Lisbon. Mfalme Manuel I wa Ureno aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 16. Sehemu kubwa ya gharama ilitokana na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwa bidhaa kutoka Afrika na Asia.

Usanifu wake ni wa Kigothi wa kipindi cha mwisho. Ndani ya kanisa, nguzo nyembamba zimepanda hadi juu na kutawanyika darini mithili ya makuti ya mnazi. Mawe yamechongwa kamba za merikebu na mapambo ya baharini. Tunakiri kwamba mafundi waliijua kazi yao. Karibu na mlango lipo kaburi la Vasco da Gama.

Hata hivyo, kilichotushughulisha zaidi ni monstransi ya dhahabu iliyotengenezwa kwa ajili ya monasteri hii, ambayo leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, humo humo jijini. Ilikamilika mwaka 1506. Maandishi ya kwenye kitako chake yanasema wazi kwamba mfalme aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya "parias" za Kilwa.

Je, neno hilo tulitafsiri vipi? Tulipowauliza wanafunzi wetu, wengi waliandika "zawadi", wachache "kodi". Tunapinga yote mawili. Zawadi hutolewa kwa hiari. Kodi mtu huilipa kwa serikali yake. Mwaka 1502 da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtishia mtawala wake mpaka akatoa dhahabu. Mwaka 1505 Wareno walirudi, wakauteka mji. Kwa hiyo tunapendekeza "ushuru wa utii", yaani mali anayotoa mtu aliyelazimishwa kumtambua mfalme mwingine.

Ikumbukwe kwamba aliyeandika maneno yale mwaka 1506 hakuficha kitu. Tukiandika "zawadi", tutakuwa tumeficha sisi, tena kwa Kiswahili, lugha ya pwani iliyotoa dhahabu hiyo.

Walimu wenzetu, lijaribuni neno hili madarasani. Mwenye pendekezo bora zaidi atuletee, nasi tutalichapisha katika toleo lijalo.