Inchi Sita Zilizowekwa Mahali Pabaya

Zipu imekaa sawa, kola imelala vizuri na pindo halina kasoro. Hata hivyo gauni lile la kitenge, lililoshonwa Shauri Moyo kwa pateni ya zamani ya Simplicity, liliharibika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Liliharibika pale fundi alipoilaza karatasi mezani, akachukua chaki, akaongeza inchi moja na nusu kwenye kila ukingo wa ubavuni.

Hesabu yake haina kosa. Pateni ni ya miaka ya mwanzo ya 1960, nambari 14, yaani kifua cha inchi 34. (Anayezoea pateni za baadaye atashangaa: kampuni za Marekani zilibadilisha nambari mwishoni mwa muongo huo, na 14 ikawa kifua cha 36.) Mteja ana 40. Tofauti ni 6, kingo ni nne, kila ukingo upate 1.5.

Lakini mwili wa mteja haukuongezeka ubavuni. Ukimpima kifua cha juu, futi kamba ikipita chini ya makwapa na juu ya matiti, unapata 34. Hicho ni kifua cha juu cha mtu wa pateni ya 36, saizi moja tu juu ya ile iliyokuwa mezani. Kwa hiyo mgongo uliohitaji inchi moja ukapewa tatu, na mbele palipohitaji tano pakapewa tatu. Ncha za dati zilibaki zilipokuwa kwenye karatasi, ilhali matiti yako chini zaidi. Mteja alipolivaa, makunyanzi yalikimbia kutoka titi hadi kwapa, mgongo ukapwaya, na pindo la mbele likapanda vidole viwili juu ya pindo la nyuma. Urefu ule ulikuwa umemezwa na kifua, na hakuna aliyekuwa ameongeza urefu wowote mbele.

Dawa yake haihitaji mashine. Inchi mbili za kwanza zigawanywe kote, kama kwa mtu yeyote wa 36. Zile nne zilizobaki ni za mbele peke yake: kipande cha mbele kichanwe kutoka kiunoni kupitia dati hadi kwenye kilele cha titi, kisha kuelekea kwapani bila kukata mshono, kichanwe tena kutoka ubavuni hadi kilele hicho hicho. Karatasi ifunguliwe inchi mbili kila upande. Dati hukua yenyewe na urefu wa mbele huongezeka wenyewe, huku bega na shingo vikibaki kama vilivyochorwa.

Safu hii imelalamikia mitumba mara nyingi, na hapa italalamika tena, kwa sababu mkono wa fundi yule umefunzwa na soko la Gikomba lililo jirani. Tangu viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex ya Eldoret vidorore katika miaka ya 1990, kazi kubwa ya mafundi wengi ni kupunguza nguo za mitumba, na nguo ya mitumba hupunguzwa ubavuni. Ukipunguza hapo mara elfu, siku ukiletewa pateni ndogo mkono unakwenda palepale, ila sasa unaongeza.

Mafundi wa zamani walikuwa na amerikani. Kitambaa hicho kilichopata jina lake kwa meli za Salem, Marekani, zilizokileta Zanzibar katika karne ya 19, kilikuwa cha bei ya chini kiasi cha kukatwa, kushonwa kwa kushikiza, kuvalishwa mteja na kuchanwa upya bila uchungu. Paris, Madeleine Vionnet alijaribia mikato yake kwenye mwanasesere mdogo wa mbao kabla ya kugusa kitambaa halisi. Hata Lutterloh wa Ujerumani, ambaye tangu miaka ya 1930 mfumo wake humwezesha mshonaji kukuza pateni ndogo kwa vipimo viwili tu, cha kifua na cha nyonga, hakumwondolea mtu kazi ya kujaribisha. Jaribio la nusu saa lingeyaonyesha makunyanzi yale mapema.

Gauni bado linaokoleka. Mgongo utapunguzwa ubavuni, kazi ambayo fundi yule anaijua kuliko yeyote mtaani. Mbele pakatwe upya: kitenge kilinunuliwa yadi sita, na mbili bado zimekunjwa chini ya cherehani.