Mkataba wa Fremu: Kodi Ipi, na Alipe Nani?

Matini tunayoihakiki safari hii si riwaya wala shairi. Ni mkataba wa kupangisha fremu ya duka, wa kurasa 4, kama ile inayopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kimisagara, jijini Kigali. Tangu 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na mkataba huu umekipa safu yake, sambamba na Kinyarwanda na Kiingereza. Mpangilio umeigwa kutoka Gazeti la Serikali, lililozoea kuchapa sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa bega kwa bega. Mwanasheria anayelinganisha matoleo hunufaika. Mwenye duka hupata maneno matatu kwa mstari, tena kwa herufi za kukodolea macho.

Ubanaji huo unaidhuru lugha yenyewe. Wahusika wanaitwa "mpangaji" na "mpangishaji", majina yanayotenganishwa na kiambishi -ish- tu, na katika safu nyembamba la pili limekatwa katikati. Atakayesoma haraka ataubeba wajibu wa mwenzake. Kwa nini lisitumike "mwenye fremu"?

Kosa kubwa zaidi ni sentensi hii: "Kodi italipwa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi." Kodi ipi? Kinyarwanda hutofautisha ubukode, yaani malipo ya kukodi, na umusoro wa serikali. Kiswahili chetu huyaita yote kodi, ingawa neno pango lipo. Kwa sheria ya Rwanda, kodi ya mapato ya pango humwangukia mwenye mali. Mpangaji asiyelijua hilo atadhani ametwishwa zote mbili, na kauli ya kutendwa imekwisha kumficha mlipaji. Tungeandika: "Mpangaji atamlipa mwenye fremu pango la mwezi kabla ya tarehe 5. Kodi ya mapato ya pango atailipa mwenye fremu."

Huko Afrika Kusini mwanasheria Robert de Rooy alibuni mikataba ya kazi iliyochorwa kama katuni, na wachuma matunda wakaisaini mwaka 2016. Hapa hatudai katuni. Jedwali dogo katika ukurasa wa kwanza lingetosha: nani anamlipa nani, kiasi gani, lini, na akichelewa itakuwaje. Kwa sasa adhabu ya kuchelewa imejificha ukurasa wa 4, chini ya sahihi! (Somo letu la Kiswahili cha biashara nalo humpa mwanafunzi istilahi, likamwachia ukurasa aupange mwenyewe.)

Safu ya Kinyarwanda inasema ubukode, ya Kiswahili inasema kodi. Zikihitilafiana ifuatwe ipi, mkataba hausemi popote.