Thamostati Iliyotupwa: Injini ya 3S-FE na Mlima wa Mbinga

Gari lilikuwa limesimama kwenye kona ya mlima, tairi la nyuma limekingwa jiwe, abiria wameshashuka na kujikalia kivulini na mizigo yao. Ilikuwa Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya siti za mbele, ikitoka Mbamba Bay kwenda Mbinga na viroba vya dagaa juu ya keria. Konda alikuwa ameinua siti, mvuke unapanda mpaka darini. Dereva ameshika dumu la maji aliyochota Ziwa Nyasa asubuhi, anatafuta pa kumwaga.

“Kaka, subiri ipoe kwanza,” nikamwambia.

“Mkubwa, hata sielewi,” akajibu. “Hii thamostati tulishaitoa siku nyingi. Haitakiwi kuchemsha.”

Maneno hayo nimeyasikia Songea, nimeyasikia Mbinga, nimeyasikia mpaka Liuli, na yananiuma kila ninapoyasikia. Katika injini hii, kutoa thamostati ni moja ya njia za uhakika za kuifanya ichemshe mlimani. Na kuchemsha ndiko kunakoiua, kwa sababu ukiacha joto, ni mambo machache sana yanayoweza kuiangusha.

Injini yenyewe ni 3S-FE. Toyota walianza kuitoa mwaka 1986 wakaendelea nayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Imo kwenye Corona, Carina, Caldina, Ipsum, RAV4 za kwanza, na Noah ya umbo lililotoka mwaka 1996 na kubadilishwa 2001. Ina silinda 4, valvu 16, ujazo wa cc 1,998. Kipenyo cha silinda ni milimita 86, na safari ya pistoni ni milimita 86 vilevile. Ulinganifu huo unaifanya ivute vizuri ikiwa taratibu na bado isilalamike ikizungushwa kwa kasi. Kwenye Noah inatoa nguvu za farasi 130 ikifika mizunguko 5,400 kwa dakika. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu na silinda hedi ni ya aluminiamu. Mchanganyiko huo ukumbukwe, nitaurudia.

Mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti moja, na kamshafti hiyo inasukuma ya pili kwa gia. Mkanda huohuo unazungusha oili pampu na wota pampu. Ukikatika njiani gari linazima tu, pistoni hazigongi valvu, na ukifunga mkanda mwingine unaendelea na safari. Kwa mtu anayeishi mbali na duka la vipuri, hiyo ni zawadi kubwa. Ndugu yake 3S-FSE, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haina huruma hiyo: mkanda ukikatika valvu zinapinda, na pampu yake ya petroli ya shinikizo kubwa ikichakaa huvujisha petroli kwenye oili. Anayenunua Nadia au Premio ya miaka hiyo asome kwanza maandishi kwenye kava la injini, ndipo afungue pochi.

Mkanda wa 3S-FE hubadilishwa kila kilomita 100,000. Lakini namba za dashibodi ya gari lililozunguka Japani na kisha kupita mikono mitatu hapa kwetu si za kutegemea. Mimi humshauri mnunuzi afungue kava la mkanda siku ya kwanza, abadilishe mkanda, wota pampu na sili ya oili pampu kwa mkupuo mmoja. Sili ikivuja inaulowesha mkanda oili, pampu ikivuja inaulowesha maji, na mkanda uliolowa haufikishi kilomita zake.

Sasa turudi mlimani. Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko kama mita 1,300. Katikati kuna kilomita 66 za barabara inayopanda milima ya Umatengo, ile yenye miteremko iliyochimbwa ngoro, vile vishimo vya kulimia. Zamani barabara ilikuwa ya vumbi, na mashimo yake yalimlazimisha dereva kukaa gia ya kwanza na ya pili. Siku hizi ni lami. Lami inamshawishi dereva akanyage mafuta huku gia iko ya juu. Noah nyingi ni za otomatiki, na kwenye mlima mrefu oili ya giaboksi inapata moto sana kitufe cha O/D kisipozimwa. Oili hiyo inapoozwa kwenye tanki la chini la rejeta, kwa hiyo rejeta ile ile inabeba joto la injini na joto la giaboksi, juu yake abiria na dagaa. Kuzima O/D unapoanza kupanda hakugharimu hata shilingi.

Hapo ndipo thamostati inapotakiwa kufanya kazi yake. Kwenye 3S-FE imekaa mahali maji yanapoingia kwenye injini yakitoka kwenye rejeta. Ina kisahani kikubwa juu na kidogo mguuni. Injini ikiwa baridi, kisahani kikubwa kimefunga njia ya rejeta, na maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia fupi ya pembeni. Yakifika kama nyuzi 82, nta iliyo ndani ya thamostati inavimba: kisahani kikubwa kinafungua njia ya rejeta, na kile kidogo kinashuka kuziba ile njia fupi. Ni kama mwenye zamu ya maji shambani, anafungua mdomo wa mfereji unaokwenda kwenye bustani huku akiziba ule wa pembeni. Maji yote sasa lazima yapite kwenye rejeta.

Ukiitoa, umeondoa visahani vyote viwili. Njia ya rejeta iko wazi, ni kweli, na fundi akiona hivyo anaridhika. Lakini njia fupi nayo iko wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja upepo wa rejeta. Kwenye tambarare huwezi kujua. Kwenye mlima, injini inapohitaji kila tone lipoe, maji yaliyopoa hayatoshi. Vitabu vya Toyota vya mafundi vinakataza jambo hili waziwazi: usitoe thamostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu upoozaji unapungua.

Nisiwaonee mafundi. Desturi hii ilizaliwa kwa shida. Thamostati ikikwama imefunga, gari linachemsha hata kwenye tambarare, na kama kipuri kiko Songea na abiria wako barabarani, kuitoa ndiko kunakolifikisha gari nyumbani. Kosa ni kwamba gari likishafika, hakuna anayerudisha.

Madhara mengine hayana kelele. Asubuhi ya Juni au Julai Mbinga ni baridi, na gari linaloteremka kwenda ziwani bila thamostati linaweza kufika chini injini haijapata joto lake. Kompyuta inasoma sensa ya maji, inaona injini bado baridi, inaendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, nyingine inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Unyevu nao haukauki. Fungua kifuniko cha oili cha gari la namna hiyo uone ute wa rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari analalamika Noah inakula mafuta, anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, na chanzo kilishatupwa gereji miaka miwili iliyopita.

Mfuniko wa rejeta ni mdogo na unadharauliwa. Juu yake mara nyingi pameandikwa 0.9 au 1.1, na hilo ni shinikizo unaloshikilia. Kwa mwinuko wa Mbinga, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 tu. Mfuniko mzima wa 0.9 unayazuia mpaka karibu nyuzi 115. Raba yake ikipasuka, umepoteza kinga ya nyuzi ishirini, na maji yanatoka kidogo kidogo bila tone kuonekana chini ya gari. Yakipungua sana, sensa inabaki kwenye mvuke, na mshale wa joto unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Na maji yenyewe. Ya ziwani ni matamu kunywa, lakini kwenye bloku ya chuma yanaleta kutu, na kutu inakwenda kuziba vijia vya rejeta. Wekeni kulanti.

Sasa lile dumu mkononi mwa dereva. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Hedi iliyochemsha imeshavutana na bloku yake kiasi cha kutosha. Ukiimwagia maji baridi ghafla, inapinda. Kiwango cha juu cha kupinda kinachoruhusiwa upande wa gasketi ni milimita 0.05, wembamba unaokaribia wa unywele. Fundi anayefunga gasketi mpya bila kulaza rula ya chuma juu ya hedi na kupima nafasi anafunga kazi ya kurudiwa. Boliti nazo hazikazwi kwa nguvu za mkono: ni newtonmita 49 kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, kisha kila moja robo mzunguko.

Kuna jambo moja la ufukweni peke yake. Petroli inayouzwa kwenye madumu vijijini mara nyingine ni ile ya injini za boti, imeshachanganywa na oili. Ikiingia kwenye Noah, plagi zinapata masizi, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inachafuka. Ulizeni kabla ya kumimina.

Yule dereva alisubiri. Dakika arobaini zilipita kabla hajafungua mfuniko kwa kitambaa, taratibu, na tukaongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka. Hedi ilisalimika. Tulipofika Mbinga, fundi alileta thamostati iliyotumika, akaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria jikoni kwa mama ntilie. Hakuwa na kipimajoto. Thamostati hii inatakiwa iwe wazi kabisa kwenye nyuzi 95, na Mbinga maji yakichemka yameshafika hapo. Tuliinama wote watatu juu ya sufuria. Mapovu yalipoanza kupanda kisahani kilikuwa kimeshajitenga, na cha chini kimeshuka kimya kimya. Fundi akaitoa, akaipangusa, akaifunga na kile kitundu chenye kipini cha kutolea hewa kikiwa juu.