Viungo 48, rekete 97: tusisingizie koneksio kila siku

Wandugu, tovuti ikichelewa kufunguka, sisi wote tuko na jibu moja: koneksio ni mbaya. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna uzito mwingine ambao tunauandika kwa mikono yetu wenyewe, na unaanzia juu kabisa ya ukurasa: kwenye menyu.

Angalia vile menyu inatengenezwa katika TFC nyingi. Kuna jedwali moja la viungo. Kila kiungo kina namba yake na namba ya mzazi wake. Mwanafunzi anaandika fonksio moja: leta viungo visivyo na mzazi, kisha kwa kila kimoja rudi kuuliza hifadhidata watoto wake ni nani, kisha kwa kila mtoto uliza tena. Kode iko fupi, inapendeza macho, na inafanya kazi. Njo shida yenyewe: ju inafanya kazi, hakuna mtu anaichunguza.

Tuhesabu. Menyu ya vichwa 8, kila kichwa na watoto 5, ni viungo 48. Rekete 1 inaleta vichwa. Kisha rekete 1 kwa kila kiungo ju ya kutafuta watoto, hata kwa kile kisicho na mtoto. Jumla 49. Ukiomba tena jina la ukurasa wa kila kiungo peke yake, unafika 97. Kama hifadhidata iko kwenye mashine ingine, na safari moja ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 2, menyu peke yake inakula milisekunde 194 kwa kila ukurasa. Mega za mgeni haziishi ju ya hiyo, lakini anangoja. Na siku wanafunzi 200 wanaingia pamoja kutafuta matokeo, hifadhidata inapokea rekete 19 400 za menyu tu, mbele ya kuonyesha hata pointi moja.

Kwenye laptop hatuoni kitu: hifadhidata na tovuti viko mashine moja, na mgeni ni mmoja. Siku ya kutetea kazi, michoro ya Merise inachambuliwa mstari kwa mstari. Lakini nani anauliza ukurasa mmoja unatuma rekete ngapi?

Halafu tunacheka wale wanaotumia WordPress, eti ni wavivu. Kweli, WordPress ina mzigo wake: kila kiungo cha menyu kinawekwa ndani ya jedwali la makala, wp_posts, na habari zake, hata namba ya mzazi, zinatawanyika katika wp_postmeta. Mpango mzito kwa kitu kidogo. Lakini inakusanya kwanza namba za kurasa zote za menyu, kisha inaziomba kwa pamoja. Yule tunayemcheka anatuma rekete chache kutupita.

Dawa si ngumu. Menyu ni ndogo, inasomwa kila mara, inabadilika mara chache. Basi iombe yote kwa rekete moja, pamoja na majina ya kurasa kwa JOIN. Kisha panga mti ndani ya PHP, kila mtoto chini ya mzazi wake. Wengine watasema: tumia WITH RECURSIVE, MySQL inayo tangu 8.0 ya mwaka 2018. Ni kifaa kizuri ukitafuta tawi moja ndani ya mti mkubwa. Lakini menyu tunaitaka nzima. SELECT ya kawaida inatosha.

Wengine watakimbilia kashe. Kashe inasaidia, lakini ukiiweka juu ya rekete 97 umefunika tu shida. Na ukisahau kuifuta wakati menyu inabadilika, sekretari ataongeza kiungo na hatakiona. Rekebisha rekete kwanza, kashe ifuate.

Mbele ya kupeleka kazi yako, fanya jaribio moja. MySQL iko na daftari, general_log, linaloandika kila rekete inayoingia. Liwashe, fungua ukurasa mmoja tu, hesabu mistari, kisha ulizime. Ukiona mstari uleule unarudia na namba tu inabadilika, umeshapata. Hapo koneksio haina kosa.