Hedifoni Isiyosikika kwenye Laptopu: Jinsi Ubovu Unavyotafutwa

Sauti ya laptopu hupita hatua nne kabla ya kufika sikioni: programu inayoicheza, Windows pamoja na draiva yake, chipu ya sauti kwenye bodi, kisha tundu la milimita 3.5 na waya wa hedifoni. Fundi makini hutambua kwanza hatua yenye ubovu, ndipo ashike bisibisi. Kwa mkazi wa Chamazi, Dar es Salaam, aliyenunua laptopu iliyokwishatumika, utaratibu huo ni fedha mfukoni, maana kubadilisha tundu mara nyingi ni kuifungua mashine nzima na kuchomelea kwa risasi, ilhali waya uliokatika ni jambo dogo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Hedifoni inayolalamikiwa huchomekwa kwenye simu au redio, na hedifoni nyingine nzima huchomekwa kwenye laptopu. Ya kwanza ikiwa bubu kila mahali na ya pili ikasikika, laptopu haina kosa. Waya hukatikia ndani ya mpira wake, mara nyingi pale unapoingia kwenye pini, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Mita huthibitisha. Ncha ya pini hubeba sauti ya kushoto, na mkanda unaofuata hubeba ya kulia. Kila upande ukipimwa na graundi, yaani njia ya kurudia umeme, hedifoni nyingi za kawaida husoma kati ya omu 16 na 32, na pande zote mbili hukaribiana. Mita inapogusa, mkwaruzo mdogo husikika sikioni. Upande usiosoma kitu ndio uliokatika.

Dalili inayowachanganya wengi ni muziki kusikika huku mwimbaji ametoweka. Hapo graundi haijashika. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia. Njia ya kurudia umeme ikikatika, spika hubaki na tofauti tu ya pande hizo mbili, na kilicho sawa hufutika. Huenda pini haijaingia hadi mwisho, au hedifoni yenye maiki imepangwa kwa mfumo wa OMTP ilhali tundu ni la CTIA. Mifumo hiyo hupishana nafasi ya graundi na maiki. Kitufe cha maiki kikibonyezwa na sauti ikarudi, dawa ni adapta ndogo ya kugeuza mpangilio.

Hedifoni ikiwa nzima, hufuata mipangilio. Laptopu iliyowahi kuunganishwa na televisheni kwa HDMI au na spika ya Bluetooth inaweza kuendelea kupeleka sauti huko, hivyo kwenye mipangilio ya sauti ya Windows huchaguliwa hedifoni kuwa kifaa cha kutolea. Upande mmoja ukiwa kimya, uwiano wa kushoto na kulia hukaguliwa. Bado kimya, draiva ya sauti huondolewa na mashine kuwashwa upya ili Windows iiweke tena. Hedifoni ya Bluetooth ambayo sauti yake huwa nyembamba kama ya simu wakati wa mkutano haijaharibika: kuwashwa kwa maiki yake kumeihamishia kwenye hali ya mazungumzo. Maiki ya laptopu ikichaguliwa badala yake, ubora hurudi.

Mashine ikiwashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi, yaani bila Windows na draiva yake, na kimya kikabaki, shaka kubwa huhamia kwenye vifaa. Ndani ya tundu mna kibao kidogo cha chuma kinachosukumwa na pini ili kuitaarifu chipu kwamba hedifoni imeingia. Vumbi la barabara za mitaani na unyevu wa hewa ya pwani hukichafua. Kikinasa, spika za laptopu hubaki kimya hata pini ikichomolewa. Mashine huzimwa, betri ikiwa ya kutoka huondolewa, na tundu husafishwa kwa kijiti kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, kisha huachwa likauke. Maji na thina havifai.

Kabla ya kufungua mashine, kadi ndogo ya sauti ya USB huchomekwa. Kadi hiyo haipitii chipu wala tundu la laptopu, kwa hiyo ikitoa sauti, ubovu umebaki katika viwili hivyo. Mteja anastahili kuelezwa hivyo kabla ya kutozwa senti yoyote. Tundu likiwa limelegea kwenye bodi, huchomelewa upya au hubadilishwa. Chipu ikiwa imekufa, kadi hiyo hiyo ya USB hubaki kuwa tiba ya kudumu na ya bei nafuu.