Amana ya Zamu

Katika kazi zote wazifanyazo wanadamu chini ya paa moja, sijaona iliyo na adabu kubwa na sifa ndogo kama kazi ya kumkabidhi mgonjwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mpasuaji husifiwa kwa wembe wake, mtaalamu wa maabara kwa hadubini yake, na tabibu kwa ilimu aliyoihangaikia miaka mingi. Lakini muuguzi ambaye, zamu yake inapokwisha na miguu yake imekwisha kuvimba, husimama kando ya kitanda na kumweleza mwenzake kwa taratibu yote yaliyomfika mwele tangu magharibi mpaka alfajiri, pasipo kuongeza wala kupunguza, huyo hutoka mlangoni bila ya mtu kumtazama. Mgonjwa ni amana, na amana haina ila kubwa kuliko kupotea njiani baina ya watu wawili waaminifu.

Nimeuchagua mji wa Eldoret kuwa shahidi wangu. Mgeni aandikaye juu ya mji huu aghalabu hukimbilia habari za wanariadha, na kalamu yake ikaona uvivu kugeuka upande mwingine; mimi nawaomba radhi wakimbiaji, ambao hawana upungufu wa wasifu, nishike Barabara ya Nandi mpaka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ilianza mwaka 1917, zama za walowezi, ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Mwaka 1998 ikatangazwa rasmi kuwa ya rufaa, ya pili nchini baada ya ile ya Kenyatta huko Nairobi, na leo huijia watu wa Nandi na Elgeyo Marakwet, wa Pokot na Turkana, wa Bungoma na Busia, hata wavukao mpaka kutoka Uganda.

Tazama jinsi amana inavyotolewa katika wodi za hospitali kama hiyo. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa, na uwanda wa Uasin Gishu ungali na baridi ya kupenya mifupa, wauguzi wa usiku na wa mchana hukutana, wakapita kitanda kwa kitanda. Anayeondoka ameshika faili na kadeksi, yaani kadi ya muhtasari wa mgonjwa. Anayeingia ameshika kalamu. Hutajwa jina la mgonjwa, siku alizolala, maradhi yaliyoonekana, dawa ya mwisho na saa aliyopewa, dripu iliyosalia, mkojo uliopimwa, na kama majibu ya damu iliyopelekwa maabara jana yamerudi ama bado. Hayo yote yameandikwa, na mwenye pupa angeuliza kuna haja gani ya kuyasema yaliyokwisha kuandikwa. Haja iko katika yale ambayo karatasi haikuyawekea nafasi: kwamba mzee wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa mcheshi jana kutwa, hajaitikia salamu tangu saa nane za usiku; kwamba mama aliyejifungua husema hajambo, lakini pumzi zake zimekuwa fupi; kwamba yule kijana huzipokea tembe zake kwa shukrani kisha akazificha chini ya mto, na sababu yake si ukaidi, ni kwamba anaogopa kuzimeza na tumbo tupu.

Nimekaa kando ya vitanda vya jamaa zangu mara nyingi, na nadhari yangu ni hii: makabidhiano yanayofanywa mezani, mbali na mgonjwa, ni nusu ya makabidhiano. Kitandani mgonjwa mwenyewe husikia, na akisikia husahihisha. Nimemsikia ajuza mmoja akiwakatiza wauguzi wawili kwa sauti nyembamba, "Wanangu, hiyo sindano ya usiku sikudungwa," nao wakasimama wakafungua faili upya badala ya kumnyamazisha. Katika hukumu yangu, murua wa wodi nzima ulipimwa katika dakika ile.

Kisha huja raundi, na hapo mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa sasa amana haipiti baina ya watu wa daraja moja. Daktari bingwa hutangulia, nyuma yake madaktari vijana, maafisa wa kliniki, wanafunzi wenye makoti yaliyopigwa pasi kupita kiasi, mfamasia, na mara nyingine mtaalamu wa lishe. Muuguzi husukumwa mpaka pembeni, naye ndiye pekee aliyekesha na mgonjwa. Daktari humwona mwele kwa dakika chache, muuguzi kwa saa kumi na mbili. Mmoja anajua maradhi hutendaje kwa watu wengi, mwingine anajua yanamtendaje huyu mmoja, na mtu yeyote mwenye insafu ataona kuwa ujuzi wa mmoja bila ya mwenzake ni kiwete. Wapo madaktari ambao wakiingia wodini huzungumza na faili. Lakini wapo pia, na heri yao, ambao kabla ya kuandika neno hugeuka nyuma na kuuliza, "Sista, unaonaje?" Swali hilo halina gharama, wala halihitaji mtambo, ila humtaka msomi akubali mbele ya wanafunzi wake kwamba usiku kucha mambo yamepita asiyoyajua.

Upande wa pili una wajibu wake. Muuguzi anayeona hatari akanyamaza kwa kuchelea cheo cha mtu hakumtii daktari. Amemwacha peke yake. Wenye uzoefu wana namna yao ya kusema bila ya kumvunjia mtu heshima: "Daktari, naomba tumtazame tena mama wa kitanda cha nne." Haya si malalamiko wala amri. Neno zito hapo ni "tumtazame", kwa maana humweka msemaji na msikilizaji upande mmoja wa kitanda.

Walio na dhana kwamba haya ni mambo ya adabu tu, yasiyogusa uhai wa mtu, nawakumbusha habari ya Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha yake ya mambo 19 ya kuhakikishwa chumbani mwa upasuaji, orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane ya dunia, na pamoja na London, Toronto na Seattle ulikuwamo mji huo wa Tanzania katika bonde la Kilombero. Orodha huwasimamisha watu mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya wembe kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, na katika kituo cha pili kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake, awe mpasuaji mashuhuri au muuguzi aliyeanza kazi jana. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Siwezi kudai kwamba kutajana majina ndiko kulikookoa watu, kwa kuwa orodha ina mengi, ikiwamo dawa ya kuzuia uambukizo kabla ya upasuaji. Lakini aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya kundi huona wepesi zaidi wa kufungua kinywa mara ya pili, pale anapoona kitambaa kimoja hakijahesabiwa.

Narudi Eldoret, ambako kadhia ya UKIMWI iliwafunza watu kwa ukali haja ya kusikilizana. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vya Amerika Kaskazini, vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, vilianzisha mradi wa AMPATH. Dawa za kufubaza virusi si dawa za juma moja. Ni za maisha, na daktari mmoja hawezi kuwashika mkono maelfu ya watu kwa maisha yao yote. Basi kazi ikagawanywa: afisa wa kliniki akapima, muuguzi akafuatilia, watu wanaoishi na virusi wenyewe wakatoka kuwatafuta waliokosa siku zao za kliniki, na huko Mosoriot, kusini mwa mji, kumbukumbu za wagonjwa zikaanza kuwekwa katika tarakilishi, ili anayempokea mgonjwa leo ajue aliyoyaona mwenzake mwezi uliopita. Mashamba pia yakalimwa, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba dawa kali haimfai mwenye njaa. Na chakula kikaandikwa kama dawa inavyoandikwa. Mfamasia naye alikuwa na hadhari zake: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liziharibu upesi baadhi ya dawa za virusi, kwa hiyo kikohozi alichokisikia muuguzi asubuhi kikageuza tembe zilizotolewa dirishani adhuhuri. Hapo amana ilipita mikono mitano au sita kwa siku moja, na kila mkono ulikuwa na lake la kuongeza.

Sidai kwamba ushirika huu ni wa juzi. Wapokezi wa sira ya Mtume husimulia habari za Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi wa Vita vya Handaki katika hema lililosimamishwa msikitini Madina. Na sahaba Saad bin Muadhi alipojeruhiwa alilazwa humo, ili awe karibu na wenye kumzuru. Hema halikufichwa nyuma ya nyumba. Mahali pa kuuguza palikuwa ndani ya mahali pa shauri.

Kwetu Kenya imechukua migomo kudhihirisha kwamba muuguzi na tabibu hawatengani. Madaktari wa hospitali za umma waliweka chini vyombo kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017; Juni ya mwaka huo huo wauguzi nao wakatoka, wasirudi kwa takriban miezi mitano. Kwa sehemu kubwa ya mgomo wa kwanza wodi zilikuwa na wauguzi wasio na wa kumwambia waliyoyaona. Katika wa pili madaktari walikuwapo, lakini wodi za hospitali nyingi za kaunti zilifungwa, kwa kuwa hakuna tabibu mwenye akili awezaye kumlaza mtu pasipo na wa kukesha naye. Madai ya pande zote mbili yalikuwa na haki yake, nami siyaingilii. Nasikitika tu kwamba aghalabu kila kundi lilisimama peke yake kwa zamu yake.

Ndiyo maana natia tamaa zaidi katika mpango mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi kuliko katika hotuba zote. Tangu kitivo chake cha sayansi za afya kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, kiliazimu kuwatoa darasani na kuwapeleka vijijini kwa majuma kadhaa, wakijifunzia katika vituo vya afya na katika nyua za watu. Na humo wanaosomea udaktari hufuatana na wanaosomea uuguzi na afya ya mazingira. Hupima watoto mizani, hukagua vyoo na visima, huuliza mama anatembea mwendo gani kufikia kliniki. Vijana hao wangali hawana vyeo, na matope ya msimu wa mvua huwapaka wote viatu sawasawa. Wakirudi mjini, haipiti miaka mingi mmoja akaitwa daktari na mwenziwe sista, wakakutana tena wodini asubuhi, kati yao pana mgonjwa na faili lake. Na yule aliyekesha ana neno la kusema.